Popo wa Kidike, Pemba: nendeni alasiri, na nendeni kimya

Mimi ni wa Unguja, na Pemba nilikuwa naijua kwa karafuu tu. Safari hii nilishuka boti Mkoani, nikalala Chake Chake, na kesho yake baada ya swala ya alasiri nikakodi gari kwa njia ya Wete hadi Kidike. Karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini mbele ya nyumba, harufu yake inakupokea kabla hujashuka.

Ada ni ndogo, unailipa hapo hapo kijijini, na mwenyeji anakuongoza mpaka chini ya miti. Popo hawa duniani kote wako Pemba peke yake. Ni wakubwa kweli: mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu. Mmoja nilimtazama kwa darubini muda mrefu. Kaning'inia kwa mguu mmoja, manyoya rangi ya kutu, uso kama wa mtoto wa mbwa, anajipepea kwa bawa moja taratibu, maana jua lilikuwa bado kali. Chini ya mti kumejaa makapi ya matunda, wanatafuna, wanafyonza maji yake, wanatema.

Zamani waliwindwa wakawa kitoweo, na misitu yao ikakatwa. Kufika 1989 walikuwa wamebaki wachache wa kutisha. Wanavijiji wakaunda vilabu vya kuwalinda, na miaka ishirini haikutimia wakakadiriwa kupita 20,000. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko yote niliyoyaona kule.

Kuna jambo liliniuma. Muongozaji mmoja aliyeleta wageni kutoka mbali alipiga makofi kwa nguvu ili popo waruke, wapigwe picha. Wakaruka wengi kwenye jua lile, wengine na watoto wamewang'ang'ania vifuani. Mwenyeji wetu alimwambia kwa upole, "Kaka, tafadhali, hawa wamelala." Na wewe ukiona hivyo, usinyamaze.

Tena haihitajiki kabisa. Sisi tulikaa tukasubiri. Ilipokaribia magharibi akaondoka mmoja, wakafuata wawili, halafu mbingu yote juu ya mikarafuu ikawa mabawa, wanakwenda kutafuta chakula. Huku chini hakuna aliyesema neno.

Chukueni tochi, na dereva mwambieni asubiri, kwa sababu saa hizo kupata daladala ya kurudi Chake ni shida.