Nimeuprinti moyo wenye tundu: maktaba ya mioyo ya NIH 3D

Huu ni mwaka wa kumi na moja nafundisha wauguzi hapa Tanga, na tetralojia ya Fallot, ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa wenye kasoro nne kwa pamoja, huwakwamisha wanafunzi palepale. Kasoro nne wanazikariri vizuri: tundu baina ya vyumba viwili vya chini, aota, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini, iliyokaa juu ya tundu hilo, njia nyembamba ya kwenda mapafuni, ukuta mnene wa chumba cha kulia. Waulize damu inapita wapi, kimya.

Ndipo nikaingia NIH 3D, tovuti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani iliyofunguliwa 2014. Humo mna maktaba ya faili za kuprinti kwa printa ya 3D mioyo yenye kasoro za kuzaliwa, iliyochongwa kutokana na picha za CT na MRI za wagonjwa wa kweli, majina yao yakiwa yameondolewa. Kupakua ni bure. Kwa chuo chenye bajeti kama yetu, hilo peke yake linastahili shukrani.

Angalieni mnachopakua, lakini. Mara ya kwanza nilichukua faili inayoonyesha damu tu, yaani nafasi ya ndani ya moyo, kama barafu iliyotolewa kwenye kikombe. Mishipa inaonekana ilivyopinda, ila tundu huwezi kulichungulia. Moyo mnaoutaka ni ule wenye kuta, uliokatwa vipande viwili.

Kijana mwenye printa ya 3D mjini aliutoa kwa uzi wa PLA, aina ya plastiki, tabaka za milimita 0.2, saa kumi na tisa. Ulikuja umejaa vijiti vya kuegemeza hadi ndani ya vyumba. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kibano jioni nzima, nikichelea kupasua ukuta mwembamba wa vyumba vya juu.

Upungufu upo. Vali, vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, karibu hazionekani, maana ni nyembamba mno na picha hazizinasi sawasawa. Na PLA ni ngumu. Daktari wa upasuaji anayetaka kukata na kushona mazoezi anahitaji malighafi laini, ya bei nyingine kabisa. Kwao moyo wa namna hii ni chombo cha kazi: utafiti wa 2017 uliofanywa katika vituo kumi ulitazama wagonjwa 40 wenye kasoro ngumu, na kwa 19 mpango wa upasuaji ulibadilika baada ya madaktari kuushika mfano.

Kwangu mimi unafundisha, na naupa nyota nne kati ya tano.

Wiki iliyopita niliupeleka kliniki. Bibi mmoja alikuwa na mjukuu aliyepewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, mtoto ambaye akikimbia kidogo huchuchumaa, midomo ikageuka bluu. Nilimweleza kwamba akichuchumaa, mishipa ya miguu inabanwa, damu inasukumwa zaidi kuelekea mapafuni, ndiyo maana anapata nafuu. Akautia kidole kidogo tunduni, akakizungusha.

"Sista, wakiziba hapa, huu mshipa mkubwa utabaki upande gani?"

Nikakata kipande cha plasta, nikakibandika kwa mshazari juu ya tundu, aota ikabaki upande wa kushoto. Akauinua moyo kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia kutoka juu, kisha akamwita mjukuu wake aje aone.