Katuni za "kwa nini tembo ana mkonga": ununue kwa njia ipi hapa Mtwara?

Pesa za korosho zikishaingia, nyumba nyingi huku kwetu hununua TV, na siku hiyohiyo watoto wanadai katuni. Mimi nazungumzia aina moja tu: zile zinazoeleza kwa nini tembo ana mkonga na kwa nini nyoka hana miguu. Inayojulikana zaidi ni Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Ina vipindi 52 vya dakika 11 hivi, na michoro yake imefuata mtindo wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu kabisa. Shida ni kwamba inazungumza Kiingereza. Ndiyo maana mimi siangalii bei kwanza. Naangalia kama mzazi ataweza kusimamisha na kumweleza mtoto.

Namba moja ni bando, ukatazame chaneli rasmi ya katuni hiyo YouTube. Kwa ubora wa picha wa 360, kipindi kimoja kinakula kama MB 40. Hadithi moja kila jioni haizidi sana GB 1.2 kwa mwezi. Wenye katuni nao wanapata chao. Juzi tulifika pale ganda la kobe linapopasuka, nikasimamisha ili nimtafsirie binti yangu. Akanishika mkono. "Bibi hakusema hivyo, baba. Bibi alisema kobe alidondoka kutoka kwenye mkorosho." Akasimama mkekani, akainama, mikono mgongoni kuwa ndiyo ganda, akaisimulia yote kama alivyoisikia Newala. Dakika 11 zikawa nusu saa. Kwangu hiyo ndiyo bidhaa yenyewe.

Namba mbili, flashi. Inafaa sana kwa mtoto anayerudia hadithi ileile mara kumi, maana bando litakwisha. Usibabaishwe na ukubwa: vipindi vyote 52 kwa ubora huo ni kama GB 2, hivyo flashi ya GB 8 inatosha na kubaki. Ile ya GB 64 inayouzwa bei ya GB 8 iache hapohapo dukani, nyingi ni feki, faili za mwisho hazifunguki. Omba MP4 ya kawaida. TV za zamani hukataa H.265, yaani njia mpya zaidi ya kubana video, unapata sauti bila picha au usipate chochote. Na fungua kila faili kabla hujalipa. Mimi niliwahi kujaziwa "katuni za wanyama", kumbe katikati kuna filamu ya mapigano yenye damu, na mtoto ndiye aliyeifungua. Iliniuma sana.

DVD ni ya tatu, tena kwa mwenye deki tayari. Ukiletewa halisi kutoka Uingereza, ujue DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia: ya Uingereza ni eneo namba 2 na Tanzania ni eneo namba 5, kwa hiyo uliza kwanza kama deki yako inasoma maeneo yote.

King'amuzi nakiweka mwisho. Kulipia kifurushi kikubwa kwa ajili ya katuni hizi tu sikushauri: ratiba si yako, na king'amuzi cha kawaida hakisimami mtoto akiuliza "kwa nini?"