Pai: 22/7 au 3.14?

Zote mbili ni makadirio ya pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake. Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7. Thamani yenyewe huanza 3.14159. Basi 22/7 huzidisha kwa asilimia 0.04, na 3.14 hupunguza kwa asilimia 0.05. Kwa usahihi 22/7 inaongoza kidogo, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Tuseme fundi wa Chake Chake anajenga tangi la mviringo, kipenyo mita 2.1, kina mita 2. Kwa 22/7 linabeba lita 6,930, kwa 3.14, lita 6,924. Lakini akikosea kipenyo kwa sentimita 1 tu, hesabu inahama kwa lita 66! Kwa hiyo apime ndani kwa ndani, mara mbili, kwa kukatisha msalaba, kabla hajagombania pai.

Kwa hesabu ya kichwani, kipenyo kinachogawika kwa 7 kinataka 22/7: pete ya nondo yenye kipenyo cha sentimita 70 inahitaji nondo ya sentimita 220, kisha aongeze urefu wa kupishanisha ncha. Kipenyo cha 65, mkononi una kikokotoo? 3.14 ni nyepesi zaidi. Mwanafunzi afuate thamani iliyotajwa kwenye swali. Anayechonga vyuma vya mashine aziache zote mbili, atumie 3.1416.