Uzoefu wangu: jambo moja dogo kila asubuhi kwenye stetasi ya WhatsApp

Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Tanga, na kwa miaka miwili na miezi minne sasa nimekuwa nikiweka jambo moja dogo kwenye stetasi yangu ya WhatsApp kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza. Huwa ni picha moja yenye maelezo ya sentensi mbili au tatu: kaa aliyechimba shimo lake kando ya njia ya Raskazone, jina la kanga ya mama aliyenitangulia sokoni, wingu lililosimama peke yake juu ya kisiwa cha Toten. Wanaoifungua ni watu kati ya 40 na 60 kwa siku, na idadi hiyo haijapanda wala kushuka sana tangu nilipoanza. Siuzi kitu humo. Nimeona niandike uzoefu huu kwa sababu maoni mengi ninayoyasoma kuhusu huduma hii yameandikwa na wafanyabiashara wanaotafuta wateja, ilhali sisi tunaotaka tu kumwonyesha mtu kitu kizuri tulichokiona nasi tunahitaji kujua kama chombo hiki kinatufaa.

Utaratibu wake unajulikana na wengi, kwa hiyo nitagusa yale tu yaliyonifanya nisihame. Stetasi ya picha na video iliingizwa kwenye WhatsApp mwezi Februari 2017, na kanuni yake kuu ni kwamba unachokiweka hukaa saa 24, kisha huondoka. Kwa kawaida anayekiona ni yule ambaye umeihifadhi namba yake na yeye ameihifadhi yako. Ukibonyeza alama ya jicho unapata majina ya waliotazama, mmoja mmoja, pamoja na saa aliyotazama kila mmoja. Na mtu akikujibu, jibu lake hubaki kati yenu wawili.

Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Mwaka jana niliweka picha ya mlingoti wa mkonge uliochanua, nikaeleza kwamba mkonge huchanua mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa, na kwamba maua yakishakwisha huota kwenye matawi ya mlingoti huo vitoto vidogo vinavyoweza kupandwa. Nikaongeza kwamba kilimo cha mkonge katika nchi yetu kilianza mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza vitoto 1,000 kutoka Florida, na kwamba ni 62 tu vilivyofika vikiwa hai. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa na majibu saba. Mwalimu mwenzangu aliuliza iwapo miche 62 inaweza kweli kuzaa mashamba makubwa kama yale tunayoyapita tukienda Korogwe, na swali lake nililipeleka darasani siku iliyofuata. Wanafunzi walipojua kwamba mlingoti mmoja unaweza kutoa vitoto zaidi ya 1,000, wakapiga hesabu wenyewe na kuona kwamba vizazi viwili vya mimea vinatosha.

Jibu ambalo sikulitarajia lilitoka kwa fundi wangu wa viatu, mzee ambaye kwa miaka yote hiyo tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu na bei ya soli. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, akaanza kwa kusema, "Mwalimu, umenikumbusha mbali sana." Baba yake alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja Tanga kwa mkataba wa kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba aliyopewa. Alinisimulia jinsi majani yalivyofungwa matita na kubebwa hadi kwenye reli ndogo ya shambani, jinsi mwiba wa ncha ya jani ulivyowatoboa wakataji mapajani, na jinsi mama yake alivyokuwa akimtuma kuokota milingoti iliyokauka ili wajengee banda la kuku. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Nina hakika kwamba asingeusema mbele ya kundi la watu 200, na mimi nisingethubutu kumuuliza dukani mbele ya wateja wengine.

Kuhusu muda wa saa 24, nimewasikia watu wengi wakiuhesabu kuwa kasoro, na kwa mtu mwenye duka huenda wana haki. Mambo ninayoyaweka mimi mengi yana maana siku hiyo hiyo. Siku moja ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ulipokuwa mpevu, nilipiga picha mbili za mashua moja nikiwa nimesimama mahali pale pale: saa nne asubuhi ikiwa imelala ubavu mchangani, na mbali mbele yake wanawake wakiinama kutafuta chaza na pweza kwenye miamba iliyokauka, kisha saa kumi jioni ikielea juu ya maji yanayompita mtu kimo. Niliandika kwamba kesho yake kujaa na kupwa kungechelewa kwa takriban dakika 50, na keshokutwa vivyo hivyo, kwa sababu mwezi nao huchelewa kila siku. Rafiki yangu aliyeko Dodoma, ambaye hajawahi kuishi pwani, aliuliza maji yote hayo yalikuwa yamekwenda wapi. Jirani yangu mvuvi, kwa upande wake, alinijulisha kwamba siku saba baadaye, yakiwa maji mafu, tofauti kati ya picha hizo mbili ingekuwa ndogo mno, akanishauri nirudi kupiga nyingine. Nilirudi, na picha hizo mpya ndizo zilizomfanya rafiki yangu wa Dodoma aelewe.

Orodha ya majina nayo nilianza kuithamini polepole. Kwa miezi kadhaa jina la binamu yangu aliyeko Maskati lilikuwa likitokea mapema kuliko mengine, nami nikadhani anatazama haraka tu akiwa njiani kwenda kazini, hadi aliponiambia kwamba kila asubuhi humwonyesha mama yake, yaani shangazi yangu, aliyeondoka Tanga akiwa bado msichana. Baadaye shangazi alimtuma aniambie, "Mwambie mwanangu anipigie picha ya mlango wa nyumba yetu ya Ngamiani." Mlango wa mbao anaoukumbuka haupo tena, pana geti la chuma, lakini baraza ni ile ile. Nilimwomba ruhusa mwenye nyumba, nikapiga picha, kisha nikatumia mpangilio unaokuwezesha kuchagua watu watakaoiona, nikawachagua wao wawili tu. Sijui huduma nyingine ninayoimudu ambayo ingeniruhusu kuzungumza na watu 50 leo na watu wawili kesho bila kufungua ukurasa mwingine.

Nilijaribu pia chaneli, ambayo WhatsApp iliileta mwaka 2023. Niliiendesha kwa miezi mitatu na ikafikisha wafuasi 212. Ni chombo kizuri kwa matangazo ya shule, msikiti au kanisa, kwa kuwa wafuasi hawaoni namba za wenzao na namba ya mwenye chaneli haionekani. Kwangu mimi ilibadilisha uandishi. Nilianza kuchagua picha za kushangaza na kuziacha zile za kawaida, na maelezo yangu yakawa marefu, kama ya mtu anayehutubia watu asiowajua. Niliifunga mwezi wa nne nikarudi kwenye stetasi, na wiki hiyo hiyo niliweka picha ya uzi wa buibui wenye umande, kitu ambacho kwenye chaneli nilikuwa nimekiona kuwa kidogo mno.

Yapo mambo ambayo anayetaka kuanza anapaswa kuyajua mapema. La kwanza, stetasi si kabati. Simu yangu ya awali ilitumbukia baharini, na kwa kuwa sikuwa nimehifadhi picha mahali pengine, nilipoteza kazi ya miezi 14, pamoja na maelezo yake. Tangu hapo nina daftari ambamo ninaandika tarehe, upepo, kama ni kusi au kaskazi, hali ya maji, maneno niliyoyaweka, na majibu yenye habari mpya. Picha zenyewe ninazihamishia kwenye kompyuta kila Jumamosi. La pili, idadi unayoiona haikamiliki, kwa kuwa mtu aliyezima alama za kusomwa, zile tiki za buluu, haonekani kwenye orodha yako. Mzazi mmoja wa mwanafunzi wangu alinieleza habari za picha zangu za mwezi mzima, mfululizo, ilhali jina lake sijawahi kuliona hata mara moja.

Picha hubanwa ili isile bando kubwa, kwa hiyo vitu vidogo kama miguu ya sisimizi hupotea usipokata picha na kukisogeza karibu kile unachotaka kionekane. Ninaweka picha moja tu kwa siku. Nilipojaribu tano, watazamaji wa ya tano walikuwa nusu ya watazamaji wa ya kwanza.

La watu kuonekana kwenye picha linanigusa zaidi. Niliwahi kuweka picha ya mawimbi ambayo pembeni yake alionekana mtoto wa jirani akicheza, na mama yake hakufurahi. Alikuwa na haki. Niliiondoa papo hapo, nikaenda kwake kumwomba radhi, na tangu siku hiyo sura ya mtu haiingii bila idhini yake, na ya mtoto bila idhini ya mzazi.

Wiki iliyopita fundi wangu wa viatu naye ameanza. Stetasi yake ya kwanza ilikuwa picha ya kisu cha kukatia mkonge kikiwa kimening'inia kwenye msumari ukutani, mpini wake umefungwa kwa kipande cha ngozi, na chini yake ameandika jina la baba yake na neno Kigoma. Nilipopita dukani jioni alinionyesha orodha yake. Ilikuwa na majina 11, akanisomea yote, na kwa kila jina akanieleza ni nani na amefahamiana naye wapi.