Siku ya Kwanza ya Skii Chamonix: Tathmini kwa Familia Inayotoka Nairobi

Chamonix ni mji wa Ufaransa ulio chini ya Mont Blanc, na ndiko Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilikofanyika mwaka 1924. Jina hilo huwavuta wengi, na pia huwapotosha. Sifa za Chamonix zimejengwa na watu wanaoteremka kwenye miamba na barafu ya juu. Familia yenye watoto wawili, shangazi asiyependa baridi na marafiki wanne ambao wawili tu ndio wamewahi kuvaa skii, vile vibao virefu vya kuteleza kwenye theluji, inahitaji kitu kingine kabisa: kijiteremko kifupi, kipole, kilicho karibu na choo na mahali pa kuketi. Kipo, tena ni kizuri. Shida ni kwamba wageni hukipita wakikimbilia gari la waya la kupanda juu mlimani.

Kinaitwa Les Planards. Kiko ukingoni mwa mji, karibu na kituo cha treni ya Montenvers, na hufikika kwa miguu skii zikiwa begani. Sehemu yake ya chini ni laini kiasi kwamba mtoto akiziachia skii zielekee bondeni zitasimama zenyewe kabla hofu haijamshika. Kuna zulia linalotembea, yaani mkanda wa mpira unaousimamia ukakupandisha taratibu, kwa hiyo saa ya kwanza haipotei katika kupigana na lifti, mitambo ya kuwavuta watu kupanda mlima. Tiketi ya eneo la wanaoanza ni nafuu kwa mbali kuliko ya bonde zima, ambayo kwa mtu mzima huzidi euro 60 kwa siku. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: kiongozi wa msafara hununua tiketi kubwa kwa watu wote wanane ili wawe pamoja, na hadi saa sita mchana watano kati yao bado wako kwenye zulia. Nunua tiketi kubwa kwa wanaojua tu. Kabla ya kulipa, uliza pia kama inajumuisha Les Houches, eneo lingine la skii bondeni humo, kwa sababu tiketi za bonde hili hazifanani.

Kasoro za Les Planards ni mbili, nazo ni za maumbile. Upande ule wa bonde hupata jua kidogo mwezi wa Desemba na Januari, hivyo aliyesimama tu akitazama watoto huganda. Pili, pako chini. Mji wenyewe uko karibu mita 1,035 juu ya bahari, chini sana kuliko Nairobi, na kunapokuwa na joto theluji huwa haba. Jambo hili linawagusa wazazi wa Kenya moja kwa moja, maana likizo ndefu za shule zetu ni Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Ukienda wiki za kwanza za Desemba theluji ya chini inaweza kuwa haijashuka; ukienda Aprili inaweza kuwa imeshayeyuka. Kama Aprili ndiyo nafasi pekee, achana na Chamonix kwa safari ya kwanza na uende Val Thorens, nayo ya Ufaransa, iliyo mita 2,300, ambako msimu kwa kawaida hufika hadi mwanzo wa Mei. Februari theluji ni ya uhakika zaidi, ila shule za Ufaransa nazo huwa zimefungwa, na foleni za lifti hufanana na stendi ya matatu jioni ya mvua.

Vifaa vikodishwe jioni ya siku iliyotangulia. Maduka mengi hukupa kuanzia alasiri bila kukutoza siku ya ziada, na fundi huwa na muda wa kukusikiliza. Asubuhi saa tatu hadi saa nne na nusu hana muda huo, na buti uliyopewa haraka haraka ndiyo itakayokurudisha hotelini saa sita.

Buti ndiyo kitu cha kukagua kuliko vyote. Hupimwa kwa sentimita za mguu: mguu wa sentimita 26.5 huvaa buti ya 26.5. Pima nyumbani kabla ya safari, jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, kisigino ukutani, mtu mwingine akitia alama kwenye karatasi mbele ya kidole kirefu. Dukani, ingiza mguu, piga kisigino sakafuni mara mbili kirudi nyuma kabisa, kisha funga bizimu za kifundoni na za muundi kwanza, za vidoleni mwisho na kwa wepesi. Ukisimama wima, vidole viguse mbele. Ukikunja magoti, vivutike nyuma kidogo na muundi uegemee ulimi wa buti bila nafasi. Kisigino kikinyanyuka, buti ni kubwa. Ganzi ikianza ndani ya dakika tano, bizimu zimebana mno au kuna kitu ndani. Mara nyingi ni soksi. Watu wetu wakiogopa baridi huvaa pea mbili, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kugandisha vidole, kwa sababu damu haipiti. Vaa pea moja, nyembamba, ya kufika chini ya goti, na mguu wa suruali ya ndani uishie juu ya buti. Mshono mmoja uliokunjwa ndani ya buti ngumu ya plastiki hugeuka kidonda kabla ya chakula cha mchana.

Fundi atakuuliza kilo, urefu, umri na uzoefu wako. Usione haya kwenye kilo wala usijisifu kwenye uzoefu. Vibano vinavyoshika buti hupangwa kwa takwimu hizo, pamoja na urefu wa soli, ili vifunguke ukianguka. Ukipunguza kilo, skii zitakutoka kila ukipinda. Ukijidai mzoefu, hazitatoka, na goti ndilo litakalosokotwa. Skii za anayeanza zifike kati ya kifua na kidevu. Fimbo igeuzwe kichwa chini, ishikwe chini ya kisahani, na kiwiko kiwe pembe mraba.

Nguo si lazima ununue kwa bei ya Ulaya. Masoko ya Gikomba na Toi huwa na jaketi za skii ndani ya marobota ya mitumba, na wauzaji wengine hawajui ni za nini. Zitambue kwa sketi fupi ya lastiki iliyoshonwa ndani kiunoni ili kuzuia theluji isipande mgongoni, na kamfuko kadogo kwenye mkono wa kushoto ka kuwekea tiketi ya lifti. Igeuze nje ndani pale pale sokoni. Ukanda uliogandishwa juu ya mishono ukiwa umebanduka, au rangi nyeupe ya ndani ikikutoka vidoleni kama ngozi iliyoungua, jaketi hiyo itavuja. Mwagia tone la maji begani: likibaki duara, sawa, likizama na kuacha doa jeusi, rudisha. Suruali ya skii nayo hupatikana. Glavu usinunue za pamba kwa hali yoyote, maana zikilowa saa ya kwanza mkono umekwisha. Bora zile zisizo na vidole, kama za mtoto mchanga, ambazo huacha vidole vipashane joto.

Nywele zinahitaji mpango wa mapema. Helmeti haikai juu ya rasta nene zilizofungwa fundo utosini. Itayumba, na helmeti inayoyumba haikingi. Suka matuta ya kulala yanayoishia shingoni, na uijaribu helmeti ukiwa na msuko ule ule utakaosafiri nao. Anayevaa hijabu achukue ile ya michezo, ya kuvuta kichwani, bila pini hata moja. Kwa uso, jua la mlimani linawaka hata kwa mweusi: theluji mpya hurudisha sehemu kubwa sana ya miale, nayo hupanda kutoka chini, kwa hiyo midomo, chini ya pua na chini ya kidevu ndivyo huungua. Arimis, mafuta ya kujipaka, itazuia ngozi isipasuke kwa baridi, lakini haizuii jua. Losheni ya kinga ipakwe kwanza, na irudiwe mchana.

Mwalimu ni gharama ambayo haifai kubanwa. Wale wa École du Ski Français, shule ya skii ya Ufaransa, wenye jaketi nyekundu, wako kila mahali, na wadogo wa miaka mitatu hadi mitano wana darasa lao la kucheza. Kwa kundi la marafiki watano au sita, mwalimu wa binafsi wa saa mbili au tatu, gharama ikigawanywa, hukaribiana na darasa la jumla, na unaweza kuomba anayezungumza Kiingereza. Anachofundisha saa ya kwanza ni kidogo: kupanda kwa ubavu, kuanguka kwa upande unaotazama mlima, kuinuka skii zikiwa zimekingama mteremko, na kusimama kwa kusukuma visigino nje hadi skii ziwe kama paa la nyumba, ncha zikikaribiana mbele. Wanaoshindwa kusimama karibu wote hufanya kosa moja: wakiogopa hujirudisha nyuma, kama anayekalia kiti. Uzito ukienda visiginoni, mbele ya skii huelea na haitii tena. Dawa ni ile inayoogopesha, kusukuma muundi mbele kwenye buti. Kwenye lifti ya kuvuta, ile ya kisahani kinachopita katikati ya mapaja, usikae. Haina kiti, inakusukuma tu, na anayekaa huanguka na kuwaangusha walio nyuma. Ukianguka, toka njiani kwanza, skii utazitafuta baadaye.

Kamba za fimbo zisivaliwe mkononi na anayeanza. Ukianguka na fimbo imefungwa kiganjani, kidole gumba ndicho hupinda.

Sasa wale wawili wanaojua. Waende Brévent au Flégère, upande wa jua, au Les Houches penye njia za msituni zinazofaa siku ya ukungu. Rangi za njia za skii Ufaransa ni kijani, bluu, nyekundu na nyeusi, kutoka rahisi hadi ngumu, na bluu ya Chamonix inaweza kuwa kali kuliko bluu ya kwingine. Gari la waya la Aiguille du Midi, kilele chenye mita 3,842, ni la kutazama mandhari kwa yeyote asiye na kiongozi wa milima. Kule juu huanza Vallée Blanche, karibu kilomita 20 za barafu yenye nyufa, isiyotengenezwa wala kulindwa kama njia za kawaida. Anayejua kidogo hana kazi huko. Hata wa kutazama tu apande polepole ngazi za juu, kwani urefu ule unazidi ule tuliouzoea kwa zaidi ya mita 2,000.

Shangazi naye asiachwe kwenye kibaridi cha Les Planards. Treni ya Montenvers, iliyoanza kazi mapema karne ya 20, humpandisha kwa muda wa dakika 20 hivi hadi mita 1,913, akaiona barafu ya Mer de Glace na milima yote akiwa na viatu vyake vya kawaida, mradi soli isiwe laini. Na kama kuna mkimbiaji katika kundi, aiache skii ya mteremko ajaribu ile ya tambarare msituni Bois du Bouchet, hapo hapo mjini. Mapafu ya riadha yana kazi huko. Philip Boit alitoka kwenye riadha akaenda kuiwakilisha Kenya katika mbio hizo kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie, akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Skii ya mteremko tulikuwa na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, katika Olimpiki ya 2018.

Chakula cha mchana kiwe mahali pa kukutana, saa sita kasoro, kabla meza hazijajaa. Anayekula halali aulize kila sahani. Tartiflette, viazi na jibini la reblochon, hupikwa na vipande vya nguruwe. Fondue, hata isipoonekana nyama, jibini lake kwa kawaida huyeyushwa na divai nyeupe. Raclette, jibini la kuyeyushwa, huletwa na nyama za kukaushwa, nyingi za nguruwe. Sema "sans porc, sans alcool", yaani bila nguruwe, bila pombe. Supu ya mboga, kimanda cha jibini na chipsi hupatikana karibu kila mahali. Thamosi ya chai ya tangawizi mkobani itaokoa zaidi ya euro chache.

Karatasi zishughulikiwe mapema. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000, lakini isome: nyingi hazilipii skii. Ufaransa kushushwa mlimani na waokoaji wa njia hulipiwa na aliyeumia, kwa hiyo ongeza bima ya siku inayouzwa pamoja na tiketi, euro chache tu. Uwanja wa ndege wa karibu ni Geneva, saa moja na robo hivi kwa gari. Ukilala Chamonix, viza ni ya Ufaransa hata ukitua Uswisi.

Kwa wanaoanza, Chamonix naipa alama nne kwa tano ikiwa ni Januari au Februari na mkakaa Les Planards. Mbili ikiwa ni Aprili. Acheni kuteleza saa nane na nusu, hata watoto wakilia wanataka raundi moja zaidi, kwa sababu miguu imechoka kabla kichwa hakijajua. Mkiingia kunywa kitu, badilishaneni skii, moja yako na moja ya mwenzako, ziwekwe mbali. Mwizi hachukui pea isiyofanana. Usiku, toeni sponji za ndani za buti kama duka linaruhusu, mzikaushe mbali kidogo na hita, na glavu zitundikwe mdomo ukitazama chini.