Kipimo cha paneli ya jeni za kifafa cha watoto: kizuri, ila soma ripoti hadi mwisho

Kwa mtoto aliyeanza kifafa kabla ya mwaka mmoja bila chanzo kujulikana, kipimo hiki, kinachosoma jeni nyingi za kifafa kwa pamoja, kiombwe mapema, maana jibu lake laweza kubadilisha dawa. Hitilafu ya jeni ya SCN1A inayodhoofisha chaneli za sodiamu (milango ya kupitisha sodiamu kwenye seli za neva), kama kwenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni, ina maana dawa za kifafa za karbamazepini na lamotrijini ziepukwe: huweza kuzidisha degedege. Hitilafu ya jeni ya SLC2A1 huelekeza kwenye lishe ya ketojeniki, yenye mafuta mengi na wanga kidogo sana. Ile ya jeni ya ALDH7A1 huelekeza kwenye vitamini B6, na hiyo haifai kusubiri majibu.

Sampuli ndiyo hukwamisha. Mate ya mtoto mchanga huwa machache na huchanganyika na maziwa. Damu kwenye chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande) inaaminika zaidi. Uliza pia kama maabara inatafuta vipande vya jeni vilivyopotea au kujirudia, maana kusoma herufi za DNA pekee huweza kuviacha.

Kinachopotosha wengi ni "badiliko lisilo na maana dhahiri", yaani badiliko la jeni ambalo bado haijulikani kama linaleta ugonjwa. Huo si utambuzi wa ugonjwa! Dawa isibadilishwe kwa sababu hiyo pekee. Wazazi wote wawili wapimwe kwanza, kuona kama badiliko limerithiwa. Ripoti isiyoonyesha kitu nayo haiondoi chanzo cha kijeni. Omba data ipitiwe upya baada ya mwaka mmoja au miwili.