Sizoni za Waingereza na za Wamarekani: zipi zinalipa bando lako

Wadau, huu ubishi wa sizoni za Marekani na za Uingereza zipi kali umeshakuwa wa Simba na Yanga, mtu anachagua upande kwanza af ndo anatafuta sababu. Mimi naangalia zote na bando nanunua mwenyewe, kwa hiyo naongea kama mteja. Nasema mapema kabisa, ukichukua sizoni yoyote tu bila kuchagua, ya Mwingereza ina nafasi kubwa zaidi ya kukuridhisha, ila Mmarekani akiamua kufanya kazi siku hiyo hakuna wa kumgusa. Na kwa ninavyoona mimi vipaji viko pande zote, tofauti inaanzia kwenye hela inatoka wapi na wameagizwa epizodi ngapi.

Chukua Prison Break, maana hiyo ndo iliyotuingiza wengi kwenye ulevi huu. Sizoni ya kwanza ilitoka 2005, epizodi 22, jamaa kajichora ramani ya jela mwili mzima halafu anafanya tukio makusudi aingie ndani akamtoe kaka yake kabla hajakalishwa kwenye kiti cha umeme. Ile hata leo ukiniwekea nakaa. Sasa wakishatoka si stori imeisha? Thubutu. Sizoni ya pili wanakimbizwa, ya tatu wako jela tena, safari hii Panama, ya nne mambo ya Kampuni na siri zake ambayo mpaka leo ukiniambia nikusimulie nitakudanganya, stelingi akafa tukaomboleza, 2017 wakamfufua yuko jela Yemen. Yaani mtu alitoroka mara moja vizuri sana, basi akahukumiwa kutoroka maisha. (Na huyo stelingi Wentworth Miller kazaliwa Uingereza, wengi hawajui hilo.)

Kwa nini wanafanya hivyo, ni matangazo. Chaneli kama Fox na ABC zinaishi kwa matangazo, kipindi cha saa moja stori yenyewe ni dakika kama 42 tu, zinazobaki ni sabuni na magari, na kwa miaka mingi utaratibu wao ulikuwa epizodi 22 hivi kuanzia vuli mpaka mwezi wa tano, kwa hiyo sizoni ikipendwa hakuna mwenye akili atakayekubali iishe. Ukiangalia kwenye laptopu bila matangazo unaona kabisa pale waliposhona, muziki unapanda, mtu anafungua mlango anashtuka, skrini nyeusi, af inarudi na alichoshtukia ni paka au ni rafiki yake. Dakika kumi mbele tena hivyohivyo. Ukishaligundua hilo huwezi kuacha kuliona, pole sana kama nimekuharibia.

Waingereza wao BBC inalipwa na wananchi, kila nyumba inayoangalia tivii ya moja kwa moja inatakiwa iwe na leseni, mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50, na chaneli za BBC zenyewe kule kwao hazina tangazo la biashara katikati. ITV wana matangazo kama kawaida ila na wao mara nyingi wanaagiza epizodi sita au nane, wakati mwingine nne. Na mara nyingi mwandishi ni mmoja anaandika mwanzo mwisho, wakati Marekani kuna chumba kizima cha waandishi wanagawana epizodi. Mmoja akiandika sita peke yake anajua anakoelekea, hana nafasi ya kumpa mlinzi wa getini mchumba wa siri ili mradi epizodi ya 14 ijae.

Sasa nenda Line of Duty, ilianza 2012 BBC Two, baadaye ikahamia BBC One. Ni kitengo kinaitwa AC-12, polisi wanaochunguza polisi wenzao. Risasi zipo lakini utamu wenyewe uko kwenye chumba cha kioo, meza, watu wanne watano wamekaa, mashine ya kurekodi inabonyezwa inalia piiiiii ndefu ile ya kukera halafu ndo wanaanza. Kuna sheria pale kwamba mtuhumiwa ana haki ya kuhojiwa na ofisa aliyemzidi cheo angalau ngazi moja, sasa kuna watu wanaitumia hiyo haki kama silaha, anakaa kimya anakutazama, anakwambia wewe huna cheo cha kuniuliza mimi. Wanafungua mafaili, wanaambiana angalia picha namba fulani, we huku umeshika mto. Mahojiano yanaweza kula zaidi ya robo ya epizodi na hakuna aliyenyanyuka kwenye kiti. Mwandishi wake Jed Mercurio kawaamini watazamaji kwamba watu wanaoongea wanatosha, na kule kwao walikubali maana epizodi ya mwisho ya 2021 iliangaliwa na watu karibu milioni 13, tena kwa nchi ile ni wengi mno.

Ila hiyohiyo epizodi ya mwisho ndo ilinikera. Sizoni sita mnatutafutisha mkubwa wa mafisadi, mnatoa herufi, mnatoa vidokezo, tunabishana mpaka ofisini, halafu mnatutolea mtu ambaye, aah, sisemi. Nasema tu kwamba hata Mwingereza akivuta sana kamba inakatika.

Kwa wanaotaka kipimo cha haki kabisa ni kuangalia stori moja ikipikwa na jikoni zote mbili. Broadchurch ya ITV, 2013, epizodi nane, mtoto wa miaka 11 anakutwa amekufa ufukweni chini ya majabali na mji mzima unaanza kutazamana. Epizodi ya kwanza baba wa mtoto anatembea mtaani asubuhi bado hajui kitu, anasalimia huyu, anataniana na yule, kamera inamfuata bila kukata, na karibu kila anayepita pale utakuja kumshuku baadaye. Umeshajulishwa mji mzima kwa matembezi ya dakika moja na nusu hivi. Mwaka uliofuata Fox wakairudia kwa jina la Gracepoint, wakahamishia California, wakamchukua hata mpelelezi yuleyule David Tennant, wakamvalisha lafudhi ya Kimarekani, na wakaifanya epizodi kumi. Mandhari nzuri, waigizaji wazuri, Anna Gunn yule wa Breaking Bad yumo, lakini haina roho. Vile vijinyama vya kuongezea vinaonekana, na kila mtu kang'aa kidogo kuliko mtu aliyefiwa anavyotakiwa kuonekana. Ikafa baada ya sizoni moja.

Hilo la kung'aa nalo jamani. Kwenye sizoni za hospitali za Marekani daktari kakesha saa 30 kope bado zimesimama. Mwingereza anakuletea polisi mama wa makamo, jaketi la kazi limemzidi, kachoka kweli. Happy Valley, ya mwandishi Sally Wainwright, dakika za mwanzo kabisa kuna kijana amelewa anatishia kujichoma moto uwanja wa kuchezea watoto, sajenti Catherine (Sarah Lancashire) anafika na mtungi wa kuzimia moto mkononi, anaanza kujitambulisha kama anapiga stori kituo cha daladala, ana miaka 47, ameachika, anaishi na dada yake anayejinasua na heroini, watoto wake wawili mmoja amekufa mwingine hamsemeshi, na ana mjukuu. Hapo hata sizoni haijaanza vizuri na umeshampata mtu mzima mzima. Mmarekani wa Fox hapo angekuwekea kumbukumbu za nyuma za epizodi tatu na piano.

Lakini sasa subirini, mashabiki wa Uingereza msianze kushangilia. Shameless ilianzia Manchester, Channel 4, 2004, familia ya Gallagher na baba mlevi, miaka ya mwanzo ni moto. Wakaiendesha mpaka sizoni 11, watoto wa Gallagher wakapungua mmoja mmoja, ikabaki jina. Wamarekani wakaichukua 2011, wakaipeleka mitaa ya kusini ya Chicago, na wao wakaenda sizoni 11, nao mwishoni walichoka ila kwa maoni yangu Fiona, yule dada mkubwa aliyeigizwa na Emmy Rossum, peke yake anaipita ile ya kwanza. Kumbe kuvuta stori sio ugonjwa wa kabila moja.

Na kuna The Wire. HBO, 2002 mpaka 2008, epizodi 60, mji wa Baltimore. Sizoni ya kwanza wauza unga na polisi, ya pili bandarini, ya tatu siasa, ya nne shule, ya tano gazeti, na ukimaliza unauelewa mji kuliko mbunge wake. Hakuna sizoni ya Mwingereza niliyoiangalia mimi iliyofika pale kwa upana, sita sita zao haziwezi kukubeba mji mzima namna ile. Ila angalia sasa, HBO watu wanalipia kwa mwezi, hakuna tangazo katikati, na sizoni ni epizodi 10 mpaka 13, yaani wanaishi kama BBC kuliko wanavyoishi kama Fox. Halafu ndani humo Stringer Bell, mkubwa wa wauza unga, ni Idris Elba mtoto wa London, na McNulty, yule polisi, ni Dominic West wa Sheffield. Succession nayo hivyohivyo, hela za HBO, matajiri wa New York, mwandishi Jesse Armstrong ni Mwingereza, akafunga duka sizoni ya nne 2023 watu bado wanaitaka. Kwa hiyo nikiona sizoni mpya siku hizi naanza na chaneli na idadi ya epizodi, nchi naiangalia baadaye.

Kasoro za Waingereza nazijua na zinaniumiza. Kusubiri. Happy Valley sizoni ya pili 2016, ya tatu 2023, wanasubiri yule mjukuu akue, sawa stori imenoga kwa sababu hiyo ila mimi huku nilishasahau nani kamuua nani. Sherlock epizodi tatu tatu, unamaliza wikiendi moja halafu unakaa na arosto miaka. Na lafudhi, hee, mtu wa Yorkshire au Glasgow akianza kuongea Kiingereza chako chote cha sekondari kinakuaga, weka maandishi ya chini na usione aibu. Shida nyingine kwa sisi tunaochukua muvi vibandani, pale ninapochukulia mimi za Kimarekani na za Kikorea zimejaa, nyingine zimeshatafsiriwa na madijei, za BBC uombe mtu aende akutafutie.

Kwa bando dogo anza na Adolescence ya 2025, iko Netflix, epizodi nne, kila moja imepigwa kamera moja bila kukata, ya tatu ni mtoto na mwanasaikolojia tu chumbani na utatoka jasho. Ukitaka kukaa mwezi mzima chukua The Wire na uvumilie epizodi nne za kwanza, zinaenda taratibu makusudi. Happy Valley msiiwekee sebuleni watoto wakiwa macho. Gracepoint achaneni nayo, na Prison Break ukifika epizodi ya 22 zima, nenda kalale.